Picha ya babu imeharibika: namna ya kuirudisha bila kumbadilisha sura

Kila Desemba watu wakipanda kwao Kibosho, Marangu na Rombo kwa sikukuu, huteremka tena mjini Moshi na bahasha ya picha za zamani. Moja ni ya ratiba ya misa ya shukrani, nyingine inatakiwa siku ya kuweka msalaba. Wengi huwa wameshajaribu wenyewe, na karibu wote wamekwama palepale: wameipiga picha kwa simu ikiwa juu ya kochi, wakaitupia kwenye programu ya kusafisha sura, ikarudi inang'aa kama ya bango la sabuni, na aliyemo ndani si mtu wao.

Kanuni ya kazi hii ni kama kuvua nguo: koti lililovaliwa mwisho ndilo linatoka kwanza. Picha ilipigwa, pengine mkono ukatikisika. Ikasafishwa kwenye karatasi, rangi zikafifia, ikakunjwa, ikamwagikiwa chai, ikapigwa moshi wa jikoni miaka thelathini, mwishowe mjukuu akaipiga kwa simu na kuituma WhatsApp. Wewe unaanzia kwa mjukuu na kurudi nyuma. Ukiruka mpangilio, kila hatua inaikuza kasoro ambayo ungeiondoa kabla.

## Andaa hivi kwanza

- Picha halisi, siyo picha ya picha. Negativu, ule ukanda wa filamu, ikipatikana ni bora zaidi. Uliza, mara nyingi iko kwenye bahasha ileile na hakuna aliyejua ni kitu gani.
- Skana bapa. Usipokuwa nayo, simu nzuri na kitu cha kuisimamishia.
- Kompyuta yenye RAM ya GB 8 au zaidi.
- GIMP ya kuhariri picha, Hugin ya kuzipanga picha zilingane, na lugha ya Python yenye maktaba za OpenCV na scikit-image. Zote ni za bure. Hizo mbili za Python zinaingia kwa amri moja: `pip install opencv-python scikit-image`.
- Pampu ndogo ya mpira ya kupulizia vumbi, brashi laini sana, glavu za pamba.
- Taa mbili zinazofanana na kitambaa cheusi.
- Flashi mbili za kuhifadhia mafaili. Moja ikifa, kazi isife nayo.

## Hatua ya 1: Iache picha kama ilivyo

Puliza vumbi kwa pampu, usipulize kwa mdomo, kwa sababu mate hurukia kwenye picha. Vumbi lililobaki lipitishie brashi bila kukandamiza. Usitumie maji, spiriti wala tishu yenye unyevu. Picha imo ndani ya tabaka la jelatini, na jelatini ikilowa inavimba na kunata.

Hapo ndipo picha nyingi za upande wetu zinapofia. Masika ikipiga kuanzia Machi, unyevu unaingia kwenye fremu na picha inagandamana na kioo. Usiibandue. Nilishaletewa fremu kutoka Old Moshi ambayo kijana wa nyumbani alijaribu kuibandua kwa kisu: mwili wa shangazi ulibaki kwenye karatasi, uso ukabaki kwenye kioo. Iliyoshika kioo inapigwa au kuskaniwa pamoja na kioo chake.

Iliyolaminetiwa nayo usiipasue. Plastiki ile iliunganishwa kwa joto, na ukiivuta inaondoka na picha.

## Hatua ya 2: Inase vizuri mara moja

Nusu ya kazi iko hapa. Hakuna hesabu ya kompyuta itakayorudisha kitu ambacho skana haikukiona.

Picha ya kawaida iskani kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi. Ile ndogo ya pasipoti iskani kwa dpi 1,200, na negativu kuanzia 2,400 kwenda juu. Ukichukua picha ya inchi 4 kwa 6 kwa dpi 600, unapata pikseli 2,400 kwa 3,600, yaani megapikseli 8.6. Zinatosha kuchapa inchi 8 kwa 10 kwa dpi 300 bila kuivuta.

Hifadhi kwa TIFF, biti 16 kwa kila rangi kama skana inaruhusu. JPEG hukata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kutupa maelezo madogo ndani ya kila kipande. Baadaye ukiongeza mwanga, mipaka ya vipande hivyo inajitokeza kama vigae vya sakafu.

Zima kila kitu ambacho skana inajifanya kukusaidia: kunoa (kukaza kingo ziwe kali), kuondoa vumbi, kurekebisha rangi. Vitu hivyo utavifanya wewe, kwa wakati wake.

Na hata picha ikiwa ya nyeusi na nyeupe, iskani kwa rangi. Hili ndilo kosa namba moja, na sababu yake utaiona hatua ya 4.

Kama iko nyuma ya kioo, kumbuka skana nyembamba zinazokula umeme wa USB huona vizuri kilichogusa kioo chake tu; kikiinuka kidogo tayari ni ukungu. Tumia ile nene ya zamani yenye taa na lenzi, au simu.

Kama karatasi ina vinundu vya hariri, zile picha za studio zenye mchoro kama asali, skani mara mbili: mara ya kwanza kawaida, mara ya pili ukiwa umeizungusha nyuzi 180. Taa ya skana hupiga kutoka upande mmoja, kwa hiyo kila kinundu kina kivuli upande mmoja. Izungushe ya pili irudi sawa kwenye kompyuta, ilinganishe juu ya ya kwanza, ipe uwazi wa asilimia 50. Vivuli vinakutana na kufutana.

Kama unatumia simu, iweke picha ukutani au mezani, taa mbili kwa pembe ya nyuzi 45 kushoto na kulia. Bila taa, tafuta baraza lenye kivuli saa tatu asubuhi. Rudi nyuma nusu mita ukuze mara mbili badala ya kuisogelea. Ukisogea sana kingo zinapinda na kivuli chako kinaingia. Tumia kipima muda ili kidole kisitikise simu. Piga mara 16 bila kusogeza kitu, kwa sababu wastani wa picha 4 unapunguza chembechembe, ule mchanga mchanga wa kwenye picha, kwa nusu, na wa 16 unazibakiza robo.

Ukimtuma mtu wa kijijini akupigie, mwambie aitume WhatsApp kama dokumenti. Ikija kama picha inakuwa imeshabanwa.

*Umefaulu ikiwa:* ukikuza hadi asilimia 100 unaona nyuzi za karatasi au punje za filamu, na kwenye histogramu, mchoro wa vilima unaoonyesha giza na mwanga vya picha, hakuna ukuta ulioegemea mwisho wa kushoto wala wa kulia.

Faili hili liandike `babu_00_asili.tif`, nakili kwenye flashi zote mbili, kisha usiliguse tena. Kila hatua inakuwa na faili lake.

## Hatua ya 3: Ondoa mng'ao wa kioo au plastiki

Kwa picha za kioo na za lamineti tu, wengine rukeni.

Piga picha tano kutoka sehemu ileile, kila moja ukiwa umehamisha taa. Mng'ao unahama, babu hahami. Funika upande wa kamera kwa kitambaa cheusi ili usijione mwenyewe kwenye kioo.

Zilinganishe kwa kifaa kinachokuja pamoja na Hugin: `align_image_stack -a kioo_ *.jpg`. Halafu endesha hii ndani ya Python:

```
import cv2, glob
import numpy as np
zote = [cv2.imread(f) for f in sorted(glob.glob("kioo_*.tif"))]
tokeo = np.median(zote, axis=0).astype("uint8")
cv2.imwrite("babu_01_bila_mngao.tif", tokeo)
```

Kompyuta inachukua kila pikseli, inapanga thamani zake tano kuanzia ndogo hadi kubwa, na kuchagua ya katikati. Mng'ao ni thamani kubwa iliyojitokeza mara moja au mbili tu, kwa hiyo haichaguliwi kamwe. Wastani wa kawaida ungeuchanganya mng'ao ndani na kukuachia utando mweupe.

*Onyo:* mng'ao ukikaa sehemu moja kwenye picha tatu kati ya tano, wenyewe ndio unakuwa wa katikati. Hamisha taa kwa kweli.

## Hatua ya 4: Madoa, kabla ya kugusa kitu kingine

Niwaonyeshe kwa picha ya mama mmoja wa Kibosho. Baba yake kasimama kando ya kichanja cha kahawa. Nyeusi na nyeupe, ila moshi umeifanya njano yote, doa la chai limekaa kifuani, na juu angani mtu kaandika kitu kwa kalamu ya bluu.

Kwenye GIMP nenda `Colors`, `Components`, `Decompose`, uchague RGB. Zinatoka picha tatu za kijivu, moja ya nyekundu, moja ya kijani, moja ya bluu; kila moja huitwa chaneli. Katika chaneli nyekundu, doa la chai lilikuwa halionekani kabisa, shati limerudi na vifungo vyake vinne. Katika chaneli ya bluu doa lilikuwa jeusi kama lami.

Hakuna uchawi hapo. Rangi ya njano na ya kahawia hunyonya mwanga wa bluu na kuurudisha mwekundu, kwa hiyo kwa jicho linaloona nyekundu tu doa ni karibu sawa na karatasi safi. Wino wa bluu ni kinyume chake: unaonekana sana kwenye nyekundu na unafifia kwenye bluu. Fundi aliyeskani kwa kijivu tangu mwanzo amezichanganya zote tatu na hawezi kuzitenganisha tena.

Kwa hiyo chukua chaneli nyekundu iwe msingi. Juu yake weka ya bluu, isawazishe mwanga kwa `Levels` hadi ifanane na msingi, kisha ifiche yote kwa kinyago cheusi (`layer mask`: nyeusi inaficha, nyeupe inaonyesha) na upake nyeupe pale penye wino tu.

Kama picha ni ya rangi huwezi kutupa chaneli mbili. Hapo zungushia doa uteuzi wenye kingo laini na urekebishe chaneli moja moja ndani yake tu. Kazi ya subira.

*Umefaulu ikiwa:* mtu asiyejua doa lilikuwa wapi hawezi kukuonyesha.

## Hatua ya 5: Kufifia

Fungua `Levels`. Kwa nyeusi na nyeupe, vuta mshale wa kushoto hadi mwanzo wa kilima cha histogramu na wa kulia hadi mwisho wake. Usiingie ndani ya kilima. Nywele zinageuka kofia.

Picha za rangi za miaka ya 1970 na 1980 zilizokaa kwenye albamu mara nyingi zimekuwa nyekundu. Rangi ya samawati ndani ya karatasi ndiyo iliyokufa kwanza, na kazi yake ilikuwa kuzuia mwanga mwekundu. Rekebisha kila chaneli peke yake, ukianza na nyekundu, maana ndiyo iliyopoteza tofauti ya giza na mwanga.

Kipimo changu ni kitu ambacho rangi yake inajulikana: shati la shule, kola ya padri, karatasi mkononi. Kikiwa cheupe kweli, ngozi nayo hujipanga. Ngozi usiifanye kipimo, na usiing'arishe kwa sababu mteja kasema "mweupe kidogo".

## Hatua ya 6: Mikwaruzo, mikunjo na mashimo

Hapa katikati mpangilio si msahafu, unaweza kubadilishana hatua ya 5 na ya 6. Lakini hii lazima iishe kabla ya kunoa.

Tengeneza kinyago: picha nyeusi yenye ukubwa uleule, upake nyeupe kila penye mkwaruzo, ukizidisha pikseli moja au mbili kila upande. Usipozidisha, ukingo wa mkwaruzo unabaki na kompyuta inausambaza ndani.

```
import cv2
picha = cv2.imread("babu_02_rangi.tif")
kinyago = cv2.imread("babu_kinyago.png", 0)
tokeo = cv2.inpaint(picha, kinyago, 4, cv2.INPAINT_TELEA)
cv2.imwrite("babu_03_kuzibwa.tif", tokeo)
```

Amri hii inaisoma picha kwa biti 8, ndiyo maana mimi napenda kunyoosha rangi kwanza. Mbinu yenyewe ni ya Alexandru Telea, ya mwaka 2004: inaanzia ukingoni mwa shimo na kuingia ndani, kila pikseli mpya ikipewa wastani wa majirani wanaojulikana, walio karibu wakihesabiwa zaidi. Kwa hiyo inaziba vizuri mstari mwembamba. Shimo kubwa kama shilingi inaligeuza ukungu.

Shimo kubwa likiwa kwenye ukuta au majani ya mgomba, nakili kutoka sehemu inayofanana kwa zana ya `Heal`. Likiwa usoni, simama. Uliza kama kuna picha nyingine ya mtu huyo ya umri uleule. Kama haipo, liache na uwaambie wenye picha. Jicho la kushoto la mtu si jicho la kulia lililogeuzwa.

## Hatua ya 7: Chembechembe

Tumia `denoise_nl_means` ya scikit-image. Vichujio vya kawaida hulainisha pikseli kwa jirani zake, hata kama jirani ni mpaka wa kope. Hii, iliyotolewa na Buades, Coll na Morel mwaka 2005, inatafuta vipande vinavyofanana eneo lote la karibu na kuchukua wastani wa hivyo: kipande cha kola kinasaidiwa na vipande vingine vya kola. Pima kiasi cha chembechembe kwa `estimate_sigma`; namba inayotoka ndiyo sigma. Kisha anza na `h`, yaani nguvu ya kulainisha, ya 0.8 mara sigma hiyo.

Sasa kipimo ambacho sitaki mtu akiruke. Kwenye GIMP weka picha ya kabla na ya baada kwa matabaka mawili, la juu ulipe hali ya `Difference`, kisha ongeza mwanga. Unachokiona ndicho ulichokitoa. Kikiwa mchanga mtupu, umetoa chembechembe. Ukiona macho, mistari ya mdomo au mikunjo ya paji la uso, umeanza kumtoa babu. Punguza `h` urudie.

Acha punje kidogo. Picha ya mwaka 1965 isiyo na punje hata moja inaonekana ya plastiki.

## Hatua ya 8: Ukungu wa kamera

Picha nyingi hazihitaji hatua hii; zilififia tu, na hatua ya 5 ilishazitibu. Kama kweli mkono ulitikisika, tafuta nukta ndogo ya mwanga: mng'ao wa jicho, kifungo cha chuma. Imevutika kuelekea wapi, na kwa pikseli ngapi? Umbo hilo ndilo lililopakwa juu ya picha nzima.

Lichore kama mraba mdogo wa namba zenye jumla ya 1, uupe amri ya `richardson_lucy` ya scikit-image pamoja na picha ya kijivu, ukianza na mizunguko 10. Hesabu inakisia picha kali, inaipaka ukungu ule, inalinganisha na uliyonayo, inasahihisha, inarudia. Mizunguko 15 mara nyingi inatosha. Ukifika 50 chembechembe zinavimba na nyuso zinapata duara kama za watakatifu kanisani.

Ndiyo maana mikwaruzo ilitangulia. Mkwaruzo haukupitia kwenye lenzi. Hesabu ikiudhania sehemu ya picha, inauzungushia mawimbi kama jiwe lililotupwa bwawani.

## Hatua ya 9: Programu za uso

Yule mama wa Kibosho. Nilikuwa na haraka, uso wa baba yake ulikuwa na upana wa pikseli arobaini hivi, nikaupitisha kwenye programu ya akili mnemba. Ukatoka safi, ngozi nyororo, macho makali. Nikampa kwa fahari.

Akaitazama muda mrefu. "Kijana wangu, huyu ni nani?"

"Ni mzee, mama."

"Baba alikuwa na kovu hapa." Akagusa juu ya nyusi yake. "Tawi lilimchana shambani, mimi nikiwa mdogo. Huyu simjui."

Nikarudi kwenye faili la asili. Kovu lilikuwepo: pikseli tatu nyeupe, ambazo programu ilizihesabu kuwa uchafu.

GFPGAN, mojawapo ya programu hizi zinazojulikana zaidi, ilifunzwa kwa mkusanyiko wa FFHQ, nyuso 70,000 zilizokusanywa kutoka Flickr. Uso wako ukiwa mdogo mno, programu haioni zaidi ya ulichokiona wewe. Inaazima kutoka kwa hao 70,000. Mwaka 2020 programu nyingine, PULSE, ilipewa picha ya Barack Obama iliyopunguzwa hadi vigae, ikatoa mzungu.

Kwa hiyo: ukiitumia, iweke kwenye tabaka la juu kwa uwazi usiozidi asilimia 30, ufiche macho, mdomo na alama zozote za ngozi. Uitaje kwa mteja. Na kwa kazi ya mahakama, mirathi au kitambulisho, usiitumie kabisa.

*Umefaulu ikiwa:* mtu aliyemjua marehemu anamtaja jina kabla hujamuuliza. Usimwonyeshe ukisema "huyu hapa babu". Muwekee tu mezani.

## Hatua ya 10: Chapa na uhifadhi

Noa kidogo mwishoni kabisa, baada ya kupunguza picha kufikia ukubwa wa kuchapa. Chapa kipande cha uso peke yake kwanza. Karatasi huwa na giza kuliko kioo cha kompyuta, na ni bora ulijue hilo kwa kipande cha shilingi mia tano.

Mpe mteja mafaili mawili: la asili na la mwisho, yote TIFF, na JPEG moja ya kutuma kwenye kundi la ukoo. Picha halisi irudi kwenye bahasha ya karatasi, siyo mfuko wa nailoni unaofungia unyevu ndani, na siyo albamu ya kunata.

Kabla hajaondoka, muulize waliomo ni nani na andika nyuma kwa penseli laini, kandokando, picha ikiwa juu ya kitu kigumu. Kalamu ya wino inapenya.